Sufuria Zilizorudi Zimejaa

Mkate wa sufuria ni mkate wa mtu mtulivu. Unaweka mkaa kidogo chini, mkaa mwingi juu ya kifuniko, kisha unakaa mbali nao, kwa sababu ukifunua kabla ya wakati unaingiza baridi na mkate unabonyea katikati. Monicah Akinyi aliyajua haya kuliko mtu yeyote katika kambi ile ya wafanyakazi wa chai nje ya mji wa Kericho. Alikuwa amepika miaka ishirini na sita katika nyumba ya wageni ya kampuni, na wageni waliamshwa na harufu ya mikate yake kabla ya kuamshwa na mtu. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi, hata siku moja, kuuacha mkate uive kwa amani. Angeubandika, atoke nyuma ya nyumba ang'oe magugu mawili, arudi anuse, atoke tena akachume dania asiyoihitaji, arudi, ainue kifuniko kidogo tu kwa koleo, akiteremshe haraka na kujifanya hakuona kitu. Oyugi, mumewe, aliyekuwa mtu wa boila kule kiwandani, alisema mikate ya mkewe iliumuka kwa woga.

Nyumba waliyopewa ilikuwa na vyumba viwili na jiko, na nyuma yake ukanda wa ardhi wa hatua kumi na mbili hivi. Katika hatua hizo kumi na mbili Monicah alipanda shamba zima. Kulikuwa na mboga za managu, ambayo kwao kando ya ziwa huitwa osuga, na saga, na mrenda uliotambaa hadi kwa jirani bila kuomba ruhusa. Kulikuwa na vitunguu vya majani, viazi vitamu kwenye ukingo wa mtaro, na kichaka cha rozimeri alichokipanda kutokana na tawi la bustani ya wageni siku aliyostaafu. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia chai, alitoka miguu mitupu kuona kilichoota. Udongo ule mwekundu ukiingia katikati ya vidole alifurahi waziwazi, akacheka peke yake. Sijui mtu mwingine aliyeweza kufurahi namna hiyo na bado asitulie. Alifurahi huku akihama kutoka tuta hili hadi lile.

Mambo yalianza kuharibika Celine alipojifungua.

Celine ni mtoto wake wa kwanza. Aliolewa na Clifford Kipkurui, mwalimu, mtu wa Kipkelion, na kwa miaka mitatu wawili hao walipanga nyumba mjini Kericho. Wakati huo Monicah aliingia na kutoka kwao atakavyo, akipika, akipanga upya vyombo vya mwanawe na kumkosoa namna ya kukata sukuma wiki. Nyumba ya kupanga ni ya mwenye nyumba, alisema, na mila haimjui mwenye nyumba. Lakini mwaka jana Clifford alijenga nyumba yake kwenye ardhi aliyoachiwa na marehemu baba yake kule Kipkelion, akaipaua kwa mabati mekundu, akapanda ua wa miti. Siku ile ua uliposhika, kwa Monicah mlango ulifungwa. Mama mzazi haingii nyumba ya mkwe wake, wala haonji cha jiko lake, mpaka mahari imekamilika na yeye mwenyewe amepelekwa kwa heshima na wanawake wenzake. Hivyo ndivyo mama yake Monicah alivyomfundisha kule Kendu, na mama yake hakuwa mtu wa kurudia jambo mara mbili. Anayekiuka analeta chira, ule ugonjwa wa kunyong'onyea. Na ubaya wa chira ni kwamba haimfuati aliyekosea. Inamfuata mtoto.

Msinicheke nikisema kwamba Monicah huyuhuyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa kina mama kanisani, na kwamba kila mwaka alisimama akafundisha kuwa mila za kutisha watu zilikwisha zote pale msalabani. Alifundisha vizuri sana. Alipofika nyumbani aliitoa ile moja pembeni, akaihifadhi.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tano, mvua ikimwagika. Msichana, wakamwita Chepkirui. Monicah alimwona hospitalini, maana hospitali si boma la mtu, akamshika siku mbili nzima asitake kumwachia hata nesi. Siku ya tatu wakampeleka Kipkelion, naye akabaki kwenye kituo cha magari mikono ikiwa mitupu.

Wiki hiyohiyo Celine akapiga simu.

"Mama, si ukuje hata siku mbili tu."

"Desemba, mama. Nikiletwa na wamama wetu nitakaa hata mwezi, mpaka mnichoke."

"Desemba huyu atakuwa anakaa."

"Si mama ya Clifford yuko hapo?"

"Yuko."

"Basi uko na mtu."

Celine akasema mtoto analia, akakata.

Kwa kuwa hakuweza kwenda, Monicah akapika. Alipika kama mtu aliyetukanwa. Kulikuwa na jamaa mmoja aitwaye Alexander, mwenye pikapu ya kubeba maziwa, aliyetoka Kipkelion asubuhi na madebe yamejaa, akayamwaga Kericho, na mchana kurudi na madebe matupu. Monicah alimsimamisha barabarani na kumpa sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na osuga ya maziwa. Mboga hiyo ni kazi ya siku tatu. Unachemsha na kumwaga maji machungu, unatia maziwa, unaacha yalale, kesho unaongeza mengine na kuchemsha polepole, keshokutwa unatia malai ya maziwa. Ukiionja siku ya tatu unashangaa uchungu ulikwenda wapi. Juu yake aliweka nusu ya kuku, na pembeni mkate wa viazi vitamu uliokuwa bado na joto.

Sufuria hiyo ya kwanza ilirudi baada ya siku mbili, imeoshwa, na ndani maparachichi manne, kwa kuwa watu wenye adabu hawarudishi chombo kitupu. Monicah akacheka, akampa Oyugi parachichi moja, akaanza kutayarisha ya pili.

Ya pili ilirudi vilevile ilivyokwenda.

Kitambaa kilikuwa na fundo lake lilelile. Alipolifungua, maziwa yalikuwa yamechacha na mkate umekuwa mgumu. Alifikiri Alexander alisahau kuifikisha, akamkabili siku iliyofuata katikati ya barabara, akiwa ameshika koleo.

"Haki ya Mungu nilipeleka, mama," Alexander akasema. "Mama toto mwenyewe ndio alichukua kwa geti. Na kesho yake akanirutishia. Alisema peleka kwa mama."

"Alikuwa anakaa aje?"

"Mimi sikuangalia sana, mama. Nilikuwa na maziwa."

Wanaume hawa. Monicah akampikia Celine supu ya samaki wa mbuta yenye ndimu na pilipili hoho, kitu ambacho tangu utotoni Celine hakuweza kukiona akakipita. Ikarudi. Fundo lilelile. Akatuma unga wa wimbi uliosagwa vizuri na maandazi ya iliki. Yakarudi, hata moja halikumegwa. Akapiga simu.

"Mbona huli?"

"Sisikii njaa, mama."

"Mtu ananyonyesha na hasikii njaa? Maziwa yatatoka wapi?"

"Mama, mtoto ameamka."

Monicah hakuweza kumuuliza Clifford. Mkwe haulizwi mambo ya chakula, na Clifford mwenyewe alikuwa akimwogopa hata kwenye simu. Alimwandikia ujumbe tu, *Shikamoo mama tuko salama*, kila Jumapili, neno kwa neno. Mwishowe Monicah alijikaza akampigia Chepchirchir, mama yake Clifford, mjane mtaratibu mwenye nyumba yake hatua chache kutoka kwa mwanawe.

"Celine anakula?"

"Anakula sana," Chepchirchir akasema. "Anakula poa kabisa."

Monicah akaishusha simu, na wasiwasi ukamzidi mara mbili. Mama gani wa kijana angekiri kwamba mke wa mwanawe anakonda mikononi mwake? Yeye mwenyewe angedanganya vivyo hivyo, tena kwa sauti ileile ya upole.

"Pengine ameshiba," Oyugi akasema usiku ule, akivua buti.

"Ameshiba nini?"

"Chakula."

"Chakula gani?"

Oyugi alikuwa ameoa miaka thelathini. Akavaa tena buti zake, akaenda kumtembelea jirani.

Kuanzia hapo Monicah hakushikika. Aliingia bustanini kupalilia, akang'oa magugu na osuga pamoja, akasimama ameshika mboga changa mkononi asijue la kufanya nazo. Alikwenda kanisani na kurudi kabla ya mahubiri. Alikuwa na jirani kutoka Kisii, Nyamoita, ambaye binti yake miaka michache nyuma alijifungua kisha akakataa chakula wiki mbili, akabebwa hadi hospitalini akiwa hamjui hata mama yake. Alipona, lakini Nyamoita hakulisahau. Alisimama kwenye ua akazitazama sufuria zilizorudi.

"Mama Celine," akasema, "msichana akikataa chakula ya mama yake, si chakula anakataa."

"Anakataa nini sasa?"

"Mimi wangu nilikaa nikingoja aseme. Hakusema."

Monicah akaingia ndani, akakanda unga, akaubandika mkate jikoni. Akaketi kitandani akiwaza. Akienda, atakuwa amemwingilia mkwe wake bomani kabla ya wakati, na kitoto kile chenye wiki nne ndicho kitakachonyong'onyea. Asipoenda, mama wa kitoto ndiye atakayekwisha, na kitoto nacho kifuate. Aliigeuza hivi, akaigeuza vile, na kila upande ulikuwa na mtoto. Aliposhtuka, jiko lilikuwa limejaa moshi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusahau kuuchungulia mkate, na ulikuwa umeungua hadi katikati.

Sufuria ya tano ilirudi Alhamisi. Fundo lilelile. Hakulifungua. Alexander alikuwa bado hajawasha gari.

"Kesho mchana," Monicah akamwambia, "usiende bila mimi."

Oyugi alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Hakumkataza. Alisema tu, "Ukiingia pale na jambo likitokea, watasema ni wewe."

"Watasema," Monicah akajibu. "Na wewe utasema?"

Oyugi akatazama chini. "Nenda," akasema, "lakini kaa kwa geti."

Ijumaa alifika Kipkelion saa kumi, amekaa mbele ya pikapu na sufuria mbili magotini, na kikapu chenye unga wa mtama, hamira na fungu la mboga zenye mizizi bado. Mvua ilikuwa imeanza. Clifford alikuwa amerudi kutoka shuleni, yuko uani akikamua ng'ombe. Aliinua macho, akamwona mama mkwe wake getini, akaacha ndoo chini ya ng'ombe na kupotea katika majani marefu ya nepia. Celine alikuwa amemfundisha heshima ya Kijaluo, na mwanafunzi akaishika kuliko wenyewe. Nepia zilitikisika hadi mwisho wa shamba.

Chepchirchir akatoka nyumbani kwake, leso kichwani.

"Pamwai!" akaita, jina ambalo Wakipsigis waliooleana watoto huitana. "Karibu! Mbona unasimama na mvua?"

"Nimekaribia, pamwai. Hapa panatosha."

"Hapa ni kwa barabara."

"Desturi yetu, siwezi ingia. Si dharau, tafadhali. Nimekuja tu kuuliza juu ya mtoto wangu."

Mwanamke mwingine angenuna. Chepchirchir alimtazama kidogo, akarudi ndani, akatoka na viti viwili vya plastiki na mwavuli mmoja. Akaviweka nje ya geti kwenye tope, akakaa kimoja, akaufungua mwavuli juu ya wote wawili. Wakakaa hapo, wazee wawili wa heshima, mvua ikiwalowesha mabega ya nje, na waendesha pikipiki wakipunguza mwendo ili wawatazame vizuri.

"Anakula?" Monicah akauliza.

"Nilikuambia na simu. Anakula."

"Anakula nini?"

"Ugali wa kimyet, supu, uji, maziwa ya mursik. Leo asubuhi amekula mayai mawili."

Monicah akautazama uso ule mwema. Masikini, akafikiri, ananifichia ili nisilie. Akataka kumshukuru na kumpiga kwa wakati mmoja. Akainuka, akakaa, akainuka tena. Alihamisha sufuria kutoka goti hili hadi lile.

Ndipo mtoto akalia. Mtoto wa wiki nne ana kilio kimoja tu na hubembelezwa mara moja, lakini hiki hakikubembelezwa. Kiliendelea, kikapanda, kikakatika, kikaanza upya. Monicah alihesabu moyoni akingoja sauti ya Celine ikiimba au hata ikikaripia. Hakusikia kitu.

"Mungu wangu nisamehe," akasema, na kwa tahadhari akaongeza kimoyomoyo, na wewe mama unisamehe. Akavua viatu kana kwamba vingepunguza kosa, akapita getini, akavuka ua mbio, akaingia nyumba ya mkwe wake kwa mlango wa nyuma.

Hakwenda chumbani. Mtu asiyemjua angeshangaa. Lakini kama kuna njia ya kumwokoa mtu, Monicah aliijua moja tu, nayo ilianzia jikoni. Akawasha moto, akaweka osuga ipate joto, akabandika maji ya ugali. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma manne mikono yake ilipika palepale mwanawe alipo, na hata katika hofu ile ilifurahi. Ilipima unga bila kikombe, ikasonga, ikageuza. Chepchirchir aliingia nyuma yake, akamsikia mtoto ananyamaza chumbani, akachukua kisu akakata kitunguu bila kuambiwa. Akadondoshea tone la osuga kiganjani, akalamba.

"Hata sisi tunaweka maziwa hivi," akasema.

"Siku tatu?"

"Siku tatu."

Kwenye beseni mlikuwa na mifupa ya kuku iliyokwanguliwa vizuri, na maganda ya mayai. Monicah aliyaona. Clifford huyo, akajisemea, anakula huku mke anakufa. Akapakua, akabeba sahani kwa mikono miwili, akasukuma mlango wa chumbani kwa goti.

Celine alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, mtoto kifuani. Alimwona mama yake, mdomo ukamcheza.

"Kula," Monicah akasema.

Celine akampa mtoto, akapokea sahani, akala. Alimega ugali akachovya, akamega, akachovya, machozi yakimtoka bila kusimama wala kumzuia kutafuna. Alimaliza. Akafuta sahani kwa kidole.

"Kuna ingine?"

Hapo Monicah, mtoto akiwa begani mwake, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Mashavu yalikuwa yamejaa. Mikono ilikuwa na nyama. Blauzi ilikuwa imelowa maziwa mbele, maziwa ya kutosha watoto wawili. Macho tu ndiyo yalikuwa mekundu, yameingia ndani, macho ya mtu ambaye hajalala.

"Wewe," Monicah akasema. "Wewe unakula."

"Ninakula, mama."

"Toka lini?"

"Toka hospitali. Sijawahi lala njaa hata siku moja. Huyu mama ananilisha kila saa."

"Na sufuria zangu?"

Celine akaangalia sahani. "Toka ile ya pili nilikuwa nazirudisha vile zimekuja. Sikuwa nazifungua. Ningefungua ninuse ningemaliza zote."

Monicah alikuwa mtu wa hasira za haraka, na hii ilimjia yote kwa pamoja. "Mbuta ya kilo mbili!" akasema. "Mkate nimerushia kuku wa Nyamoita! Nimekaa na mvua kwa barabara! Nimeingia hii nyumba, Celine, nimevunja mwiko juu ya huyu mtoto, na ni uongo? Ulitaka nini?"

"Nilitaka ukuje."

"Si ungesema!"

"Nilisema. Nilisema ukuje hata siku mbili. Ukaniambia Desemba."

Monicah akampapasa mtoto mgongoni.

"Ningekuambia nini ndio ukuje?" Celine akaendelea, sauti ikianza kumponyoka. "Nikuambie naogopa? Huyu akilala naweka kidole hapa kwa pua, niskie kama anapumua. Nikitoa kidole naona ameacha. Namwamsha, analia, halafu sijui kumnyamazisha. Usiku mzima, mama. Clifford analala. Na mama yake ni mzuri kabisa, lakini siwezi lia mbele yake, atasema mlimpatia msichana gani. Nikajua kitu moja tu ndio inaweza kukutoa kwa ile bustani yako. Nikajua ukiona chakula imerudi, hutakaa."

Mvua ilipiga mabati mekundu. Monicah alimgeuza mtoto kutoka bega hili hadi lile, akanyoosha mkono achukue sahani akaioshe, akafika nayo mlangoni, akasimama. Kwa kuwa alimpa mgongo, Celine akadhani bado ana hasira.

"Nilipokuzaa wewe," Monicah akasema, "nilikuwa Nyakach, kwao babako. Yeye alikuwa amerudi huku kazini. Sikuwa najua kitu. Nilikuwa nakaa hivyo hivyo na kidole kwa pua yako. Mama yangu alikuwa ananitumia sufuria kutoka Kendu na mama mmoja wa kuuza samaki. Kila wiki. Nilikuwa nakula na nalia, lakini namaliza. Halafu naisugua na majivu mpaka inang'aa, naweka mayai ndani, narudisha. Nilikuwa nataka ajue nimeshiba, asisumbuke."

"Na hakuja?"

"Angekujia nini?" Monicah akasema. "Sufuria zilikuwa zinarudi safi."